Barua ya kwanza ndiyo kesi: namna ya kudai haki za mtu mwenye ulemavu kwa sheria ya kimataifa

Mtihani wenyewe ulikuwa wa saa tatu. Mimi sioni, na wiki sita kabla yake nilikwenda mwenyewe hadi ofisi ya mitihani nikaomba mambo mawili: maswali niwekewe kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, na niongezewe muda. Karani akanisikiliza vizuri tu, akaniambia, "Usijali kaka, tutaona." Siku ya siku nikakuta nimepangiwa kijana wa kunisomea, katikati ya ukumbi uliojaa watu, naye ananong'ona ili asiwasumbue wengine. Majedwali aliyaruka kwa kuwa hakujua ayasomeje. Nilifeli. Nilipolalamika, jibu lilikuwa la sentensi moja: hakuna kumbukumbu yoyote kwamba mtahiniwa aliomba msaada.

Na kweli haikuwepo. Niliomba kwa mdomo, nikajibiwa kwa mdomo, na maneno yale yakabaki pale pale kaunta.

Miaka mingi sasa nasaidia watu wenye ulemavu kuandika malalamiko yao, na karibu kila wiki kuna anayeniambia, "Mimi nataka unipeleke Umoja wa Mataifa," kana kwamba Geneva, Uswisi, yanakopelekwa malalamiko ya namna hii, kuna kituo cha polisi kikubwa kuliko vyote. Namuuliza swali moja: una karatasi gani mkononi? Mara nyingi hana. Ndiyo maana maelekezo haya hayaanzii Geneva.

Kwanza, ijue nchi yako imeahidi nini

Sheria tunayoizungumzia ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ulipitishwa Desemba 13, 2006, ukaanza kufanya kazi Mei 3, 2008. Una ibara 50, na zaidi ya nchi 180 zimeuridhia. Pembeni yake kuna Itifaki ya Hiari, hati fupi inayojitegemea, na hiyo ndiyo inayomruhusu mtu mmoja mmoja kupeleka malalamiko mbele ya Kamati ya wataalamu 18 inayousimamia Mkataba. Nchi inaweza kuuridhia Mkataba ikaiacha Itifaki, na ziko nyingi za namna hiyo.

Angalia basi mambo haya kwenye orodha ya mikataba ya Umoja wa Mataifa, ambayo iko wazi kwenye intaneti. Je, nchi imesaini tu, au imeridhia? Marekani ilisaini mwaka 2009, lakini Desemba 2012 Baraza la Seneti lilipopiga kura zikapatikana kura 61 za ndiyo na 38 za hapana, pungufu ya theluthi mbili zinazotakiwa. Kwa hiyo Mmarekani hawezi kuutumia Mkataba huu mbele ya Kamati, hata kama nchi yake ina sheria nzuri za ndani. Je, imeridhia kwa kuweka masharti? Kuna nchi zilizojiondoa kwenye kipande cha ibara fulani, na ukijenga hoja yako juu ya kipande hicho umejenga juu ya mchanga. Je, imeridhia Itifaki, na tangu lini? Tarehe hiyo iandike kwenye jalada la faili, kwa maana Kamati haigusi mambo yaliyotokea na kwisha kabla yake, isipokuwa kama uvunjaji wa haki umeendelea hata baada ya tarehe hiyo.

Jambo jingine ni namna mkataba unavyoingia katika sheria za nyumbani. Kuna nchi ambako ukisharidhiwa unakuwa sheria moja kwa moja, hakimu anaweza kuunukuu kesho yake. Kwingine ni lazima bunge litunge sheria yake kwanza, na wakili wa upande wa pili atakukumbusha hilo kwa furaha kubwa. Hata huko usiuache Mkataba kwenye hoja zako. Mahakama nyingi hukubali kuisoma sheria ya ndani kwa namna inayoendana na ahadi za nchi, na zaidi ya hayo, kuna sababu ya Geneva ambayo nitaifikia.

Lipe jina sahihi jambo lililokupata

Watu huja na hasira, na hasira ni haki yao, lakini Kamati haisomi hasira. Inataka kujua ni ibara ipi imevunjwa. Hapa ndipo ninapotumia muda mrefu kuliko pengine pote, kwa sababu kuna madai mawili yanayofanana kama mapacha, na ukiyachanganya unapoteza.

La kwanza ni ufikivu, Ibara ya 9. Huu ni wajibu kwa kundi zima, na unakuwepo kabla hata hujafika: jengo, usafiri, tovuti, mashine, vyote vitengenezwe kwa namna ambayo watu wenye ulemavu wataweza kuvitumia. Hulazimiki kuomba. Mfano ninaoupenda ni wa jiji la Linz, Austria. Njia ya tramu namba 3 ilirefushwa mwaka 2011, lakini vituo vipya havikuwekewa sauti ya kutangaza safari kama ilivyokuwa kwenye vituo vya zamani. Mkazi mmoja asiyeona alilalamika, na mwaka 2015 Kamati ikasema nchi imevunja Mkataba, kwani mfumo ule ungeweza kuwekwa kwa gharama ndogo wakati ujenzi unaendelea.

La pili ni lile ambalo kwa Kiswahili tunaliita marekebisho stahiki: mabadiliko yanayohitajika kwa ajili ya mtu huyu, mahali hapa, kwa jambo hili. Karatasi yangu ya mtihani kwenye kompyuta ni mfano wake. Wajibu huu unaanza pale unapoomba, au pale ambapo mhusika alipaswa kutambua kwamba unahitaji. Ibara ya 2 inasema wazi kwamba kunyimwa marekebisho stahiki ni ubaguzi. Mwenye kukataa anayo njia moja ya kutokea: aonyeshe kwamba marekebisho yenyewe ni mzigo uliopita kiasi. Na mzigo wa kuthibitisha hilo uko mabegani mwake, si mwako. Kamati imeliandika hilo katika Maoni yake ya Jumla Namba 6 ya mwaka 2018, yaani maelezo yake ya namna Mkataba unavyopaswa kueleweka.

Usidanganyike na hoja ya kwamba sheria ni moja kwa wote. Mwanamke mmoja wa Sweden, mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani kwake, aliomba kibali cha kujenga bwawa la tiba ya maji ndani ya nyumba. Akanyimwa kwa sababu ramani ya eneo haikuruhusu kujenga upande ule wa kiwanja, na hakuna jirani ambaye angeruhusiwa. Mwaka 2012 Kamati ilisema kwamba kuitumia kanuni ile ile kwa mtu ambaye hali yake ni tofauti, bila kuitazama hali hiyo, kunaweza kuwa ubaguzi, na hapo ulikuwepo. Nchi ikakutwa imevunja haki zake za afya na utengamao (huduma za kumrejeshea mtu uwezo wake) pia, Ibara ya 25 na 26.

Ukiambiwa "hatuna bajeti," fungua Ibara ya 4. Ni kweli kwamba haki za kiuchumi na kijamii zinatekelezwa hatua kwa hatua kadiri ya uwezo wa nchi. Kutobaguliwa hakumo kwenye foleni hiyo. Kunadaiwa leo.

Na kama tatizo lako ni kwamba kuna mtu amewekwa akuamulie, kaka, mjomba au msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, soma Ibara ya 12, inayohusu haki ya kujiamulia mbele ya sheria, kabla ya nyingine zote. Huko Hungaria watu sita waliokuwa chini ya usimamizi walifutwa kwenye daftari la wapiga kura. Mwaka 2013 Kamati haikusema tu kwamba kufutwa kwa jumla ni kosa. Ilisema hata kumpima mtu mmoja mmoja akili ili ionekane kama anafaa kupiga kura ni ubaguzi. Nimeona mawakili wazoefu wakishtuka wanaposoma hapo.

Sasa andika

Barua yenyewe haihitaji ukurasa zaidi ya mmoja. Hii ndiyo ninayowapa watu waibadilishe:

"Mimi ni mtahiniwa namba fulani. Sioni. Ili nifanye mtihani wa tarehe fulani kwa usawa na wenzangu, naomba maswali yawe katika faili linalosomeka na programu ya kusoma skrini, chumba ambacho sitamsumbua mtu wala kusumbuliwa, na nyongeza ya muda ya nusu saa kwa kila saa moja. Naambatanisha barua ya daktari wa macho. Naomba jibu la maandishi ifikapo tarehe fulani. Kama ombi hili litakataliwa, naomba sababu, na kama kuna njia nyingine mnayopendekeza, niko tayari kuijadili."

Utaona hakuna ibara hata moja humo. Ni makusudi. Barua ya kwanza ina kazi ya kueleza kizuizi, kitakachokiondoa, na siku ya kujibiwa. Sentensi ya mwisho inaonyesha uko tayari kuzungumza, na asome nani baadaye, hakimu au mtaalamu wa Geneva, hataweza kusema ulikuwa mkaidi. Barua ya pili, baada ya ukimya au kukataliwa, ndiyo inayotaja Ibara ya 2 na ya 5, ile ya usawa na kutobaguliwa, pamoja na ile ya jambo lako: ya 24 kama ni elimu au mafunzo, 27 kama ni kazi, 25 kama ni matibabu, 13 kama ni mahakamani, 19 kama unazuiwa kuishi unapotaka na unaotaka kuishi nao.

Ukipeleka kwa mkono, chukua nakala iliyogongwa muhuri. Ukijibiwa kwa simu, jioni ile ile tuma ujumbe: "Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya leo saa nne, ambapo uliniambia kwamba…" Asipokanusha, umepata maandishi. Weka daftari la tarehe. Mimi naliweka kwa sauti kwenye simu halafu nalinakili. Kiziwi aliyenyimwa mkalimani wa lugha ya alama hospitalini aandike siku hiyo hiyo jina la wodi, saa, nani alimwandikia nini kwenye kikaratasi, na kikaratasi chenyewe akitunze.

Wasioona wawili wa Hungaria waliiandikia benki yao mwaka 2005. Walilipa ada ya kadi sawasawa na wateja wengine, lakini mashine za kutolea pesa hazikuwa na nukta nundu wala sauti, kwa hiyo kila walipotaka hela zao ilibidi wamshike mtu mkono na kumwamini na namba yao ya siri. Benki ikakataa. Wakaenda mahakamani, wakapata ushindi nusu, wakakata rufaa, wakashindwa kabisa kwenye mahakama ya juu. Aprili 2013 Kamati ikatoa uamuzi kwamba nchi haikutimiza wajibu wake chini ya Ibara ya 9, kwani wajibu huo unagusa pia kampuni binafsi zinazohudumia umma. Miaka minane. Na karatasi ya chini kabisa kwenye faili lile ni barua iliyoandikwa kabla ya Mkataba wenyewe kuwepo.

Zimalize njia za nyumbani, lakini usizeekee humo

Kamati haitakupokea kama hujapita kwanza kwenye vyombo vya nchi yako: bodi ya rufaa, mahakama, hadi ngazi ya mwisho inayoweza kukusaidia. Hapa ndipo faili nyingi hufia. Na si kupita tu. Hoja yenyewe ya ubaguzi lazima uwe umeitoa huko. Ukishtaki nyumbani kwa kuvunjwa kwa mkataba wa ajira, halafu Geneva ukaibuka na ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, serikali itajibu, kwa haki, kwamba haikupewa nafasi ya kulirekebisha jambo hilo. Ndiyo sababu niliyosema nitaifikia: itaje hoja ya Mkataba kuanzia mahakama ya chini kabisa, hata kama hakimu ataipuuza. Akiipuuza, amekupa karatasi nyingine.

Milango miwili ya dharura ipo: njia ya ndani inapochukua muda usio na sababu, na inapokuwa dhahiri kwamba haitaleta nafuu yoyote. Mtu mmoja mwenye ualbino nchini Tanzania alishambuliwa mwaka 2010 na kukatwa mkono. Kesi ya jinai ikafunguliwa kisha ikafutwa. Alipofika kwenye Kamati, serikali ilisema bado alikuwa na njia nyingine za kisheria. Kamati haikukubali, na Agosti 2017 ikaamua kwamba nchi ilivunja Ibara ya 5, ya 15 ya kutoteswa, na ya 17 ya kulindwa mwili na akili, kwa kushindwa kuchunguza na kuwachukulia hatua wahusika. Ukitaka kutumia milango hii, thibitisha: barua za kuulizia kesi imefikia wapi, tarehe zilizoahirishwa, na sababu za kila ahirisho.

Malalamiko yenyewe

Hayana ada na hayahitaji wakili, ingawa mwenye wakili anapumua vizuri zaidi. Kuna fomu maalumu kwenye tovuti ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Kiswahili hakimo kati ya lugha sita rasmi za umoja huo, kwa hiyo panga mapema nani atatafsiri maelezo na hukumu. Eleza kwa mfuatano wa tarehe, taja kila njia uliyopita nyumbani na ilivyokwisha, kisha kila ibara na kwa nini imevunjwa, halafu unaomba nini. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Omba kitu kwa ajili yako na kitu kwa ajili ya watakaokuja: fidia na kibali, pamoja na kubadilishwa kwa kanuni.

Malalamiko yasiyo na jina hayapokelewi. Unaweza kuomba jina lako lisichapishwe kwenye uamuzi, ndiyo maana kesi nyingi zinajulikana kwa herufi tu, lakini serikali italijua. Kama hilo linakuhatarisha, zungumza na shirika la watu wenye ulemavu kabla ya kutuma. Usipeleke jambo lile lile kwenye chombo kingine cha kimataifa kwa wakati mmoja, kwa maana Kamati italikataa. Kuna mahakama na tume za kanda, Ulaya, Amerika na Afrika, ambazo baadhi zinatoa hukumu zenye nguvu zaidi; Itifaki ya Afrika kuhusu haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 2018 na kuanza kazi 2024. Chagua mlango mmoja kwa kuangalia ni upi nchi yako imeufungua.

Kama kuna madhara yasiyorekebishika yanayokaribia, mathalani kuondolewa kizazi bila ridhaa au kurudishwa nchi ambako utateswa, omba hatua za muda chini ya Ibara ya 4 ya Itifaki, na uliandike ombi hilo juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Vinginevyo serikali hupewa miezi sita ya kujibu, wewe unapewa nafasi ya kujibu majibu, na miaka inapita. Uamuzi ukitoka hauna askari wa kuutekeleza. Nasema wazi ili mtu asiuze ng'ombe kwa ajili ya Geneva. Kamati huifuatilia nchi, huuliza imefanya nini, na uamuzi wenyewe unakuwa silaha mikononi mwa waandishi wa habari, wabunge na wanaofungua kesi inayofuata. Kwa wengine hiyo inatosha. Kwa wengine haitoshi, na siwalaumu.

Kama nchi haijaridhia Itifaki, au jambo lenyewe ni la watu elfu kumi na si la mmoja, zipo njia ambazo hazidai umalize mahakama. Kila nchi iliyoridhia Mkataba hutakiwa kupeleka ripoti, na mashirika ya watu wenye ulemavu yanaweza kupeleka ripoti mbadala. Andikeni pamoja, fupi, kwa mpangilio wa ibara, na kila tatizo liishie na pendekezo ambalo Kamati inaweza kulinakili kama lilivyo. Wataalamu wale wana kazi nyingi na hawachukii kurahisishiwa. Ziko pia barua kwa Mtaalamu Maalumu wa haki za watu wenye ulemavu, nafasi iliyoanzishwa mwaka 2014, ambaye anaweza kuiandikia serikali yoyote hata isiyoridhia chochote. Na kwa uvunjaji mkubwa au wa kimfumo kuna uchunguzi wa Kamati yenyewe, mradi nchi imeridhia Itifaki na haikujitoa kwenye kipengele hicho. Uingereza ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchunguzwa hivyo. Ripoti ilitoka 2016, kuhusu mabadiliko ya mafao na huduma za jamii, baada ya mashirika ya watu wenye ulemavu kukusanya ushahidi, faili juu ya faili.

Mimi sikufika Geneva. Mwaka uliofuata niliandika barua ile ya ukurasa mmoja, nikanyamaziwa, nikaandika ya pili yenye Ibara ya 2, ya 5 na ya 24. Baada ya siku tisa nikapigiwa simu na mtu wa juu ya yule karani, sauti imepoa, akiniuliza ni programu gani ya kusoma skrini ninayoitumia. Siku ya mtihani nikakuta chumba changu, kompyuta yangu, faili linasomeka, majedwali na yote. Walichosahau ni vipokea sauti vya masikioni. Msimamizi alinipa vyake kutoka mfukoni, na jioni nilipofika nyumbani niliwaandikia kushukuru, nikaomba viongezwe kwenye orodha ya vifaa vya mtahiniwa asiyeona. Nakala ninayo.